Aya Nane, Pai Sita

Binti yangu Twila hulipwa mshahara kwa kutoamini watu. Nilipowaambia hivyo akina mama wenzangu kanisani, walidhani ameajiriwa polisi. Sikuwasahihisha upesi, maana nilitaka kwanza kuona ni nani atakayejiweka sawa kitini.

Tabia hiyo hakuipata kazini. Alipokuwa na miaka sita, Bi Koebel wa shamba la jirani alikuwa akija kwetu kila Jumamosi kununua mayai. Twila aliyahesabu mezani, kisha akayahesabu tena yakiwa kikapuni mwa Bi Koebel, eti huenda yameongezeka njiani. Alipokuwa na miaka tisa aliupandisha mfuko wa unga kwenye mizani ya muuza nyama, sokoni, mbele za watu, akagundua umepungua kikombe kizima. Muuza unga alituongezea kikombe na nusu ili tu tuondoke. Mimi nilirudi garini nimeinamisha kichwa kama mwizi. Yeye alikuwa ameukumbatia mfuko kama mtoto mchanga.

Sasa ana miaka thelathini na moja, hajaolewa, anaishi katika vyumba vya chini vya nyumba yangu hapa Elmira, na kila asubuhi huendesha gari hadi Waterloo kwenye kampuni ya Garth, mtoto wa huyo huyo Bi Koebel wa mayai. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, kama watoto wote wa kanisa letu la zamani, lile la magari ya farasi, kwa hiyo kazi yake naieleza kwa namna ninavyoielewa.

Kuna daftari kubwa lisilo na mwenyewe. Nakala zake zimo kwenye kompyuta za maelfu ya watu, na kila baada ya kitambo kidogo ukurasa mpya huongezwa, na kilichokwisha kuandikwa hakifutiki. Wanaoandika kurasa hizo huweka fedha zao wenyewe kuwa dhamana. Anayeandika uongo, dhamana yake huliwa. Hilo nililipenda tangu siku ya kwanza. Nimewahi kukaa na wahubiri na wauza magari ambao wangefaa sana kuwekewa utaratibu huo. Humo daftarini watu huandika mikataba, tena si ya kufungia kabatini. Mkataba wa humo hujitekeleza wenyewe. Ukisema utafungua siku ya saba, siku ya saba utafungua, hata kama aliyeuandika amelala, amekufa au amebadili mawazo. Daftari lenyewe wanaliita blokcheni, na kurasa zake ndizo bloku. Mimi nitaendelea kusema kurasa.

Madaftari ya aina hiyo yapo mengi. Lipo moja la zamani ambalo karibu kila mwandishi wa programu amejifunzia kazi, na Garth akatengeneza lake jipya, akaliita Conestogo kwa jina la mto wetu. Lake lina kasi zaidi. Lakini daftari jipya lisilo na mikataba ni ukumbi mtupu, na waandishi wa programu ni watu wavivu, kwa maneno ya Twila ambaye ni mmoja wao. Kwa hiyo Garth akawaahidi kwamba hawatatoka jasho. Mkataba wowote ulioandikiwa daftari la zamani, uchukue ulivyo, uweke Conestogo, utafanya kazi. Aliipenda ahadi hiyo hadi akaipaka ukutani kwa rangi ya buluu, juu ya mashine ya kahawa: KILA MKATABA, BILA KUBADILI HERUFI MOJA.

Kazi ya Twila ilikuwa kuitafuta herufi hiyo moja.

Wenyewe wana desturi. Kabla mwongozo wa kutumia daftari jipya haujatolewa kwa waandishi wa programu, mjaribu mkuu hutia jina lake chini yake, na jina hilo huandikwa daftarini pamoja na alama yake ya siri. Likishaandikwa halitoki milele. Conestogo ilikuwa ifunguliwe kwa watu wote Alhamisi ya mwisho ya Februari, saa sita mchana, na Garth alitaka jina la Twila liwe limeingia Jumatano jioni. Lisipoingia, atamtafuta mwingine wa kusaini, naye Twila atarudi kwenye benchi la wajaribu wa kawaida.

Nisingejali benchi. Nilichoogopa ni jina. Miaka mitatu iliyopita, kwenye kampuni nyingine huko Toronto ambayo sitaitaja, Twila alisaini kitu kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka. Kilikuwa na tundu. Watu waliumia mfukoni, na jina lililokuwa chini lilikuwa lake. Alirudi kwangu na masanduku mawili, na majira yote ya baridi hakuhesabu kitu. Hata mayai. Nilikuwa nikiweka kumi na moja makusudi kwenye trei ya dazeni, nione kama atasema neno, na hakusema.

Kwa hiyo Jumamosi ile, siku tano kabla ya ufunguzi, nilipomwona ameketi jikoni akichoma kiazi kile kile kwa uma bila kukila, niliacha unga mezani. Nikamwuliza kuna nini. Akasema majaribio yote yamepita, mia tatu na kumi na mawili, yote yameonyesha kijani. Alilisema hilo kama daktari anayetafuta maneno ya upole. Nikauliza kama kijani ni kibaya. Akajibu kwamba kijani ni kizuri, ila yeye hakiamini kinapokuja kirahisi.

Mimi nikiwa na hofu huoka. Siku hiyo nilikuwa naoka pai za matufaha makavu, tisa, na nilikuwa naimba, kwa sababu ndivyo ninavyopima muda. Twila amenisikia nikiimba mbele ya oveni tangu azaliwe. Siku hiyo tu ndipo alipoinua kichwa akauliza kwa nini wimbo mmoja nauimba mara tatu, ilhali karatasi ya bibi yake imesema mara moja.

Nikamweleza. Karatasi niliyorithi kwa mama yangu haina dakika. Inasema: weka ndani, imba aya zote nane, toa. Kule kanisa la zamani hakuna kinanda, na wimbo huburutwa taratibu hadi unaweza kumenya tufaha zima kabla neno moja halijaisha. Aya nane zilikuwa zikikaribia saa nzima. Yeye alipokuwa na miaka minne tukahamia kanisa la mjini, lenye kinanda na watu wanaotaka kuwahi chakula cha mchana, nami nikajifunza kuimba upesi kama wao. Wimbo ule ule, maneno yale yale, aya nane zile zile. Pai zikaanza kutoka mbichi. Nilibadili unga. Nilimlaumu fundi wa jiko hadi akaacha kunisalimia. Marehemu baba yake, Orval, alikula pai mbichi miezi miwili bila kulalamika, na mimi nikadhani ameokoka zaidi. Mpaka shangazi yangu Salome alipokuja kututembelea, akasimama mbele ya jiko lile lile, akaimba yeye kwa mwendo wa zamani, na pai ikaiva.

Twila alikuwa ameacha kuchoma kiazi.

"Kwa hiyo karatasi haikubadilika herufi," akasema.

"Hata moja."

"Na jiko halikuwa bovu."

"Fundi aliapa, maskini."

Akainuka akateremka chini bila kuaga. Uma niliukuta kesho yake, umelala kati ya kompyuta mbili.

Alichokikuta ni hiki, nami nilikielewa mara moja kuliko kitu chochote alichowahi kunieleza. Katika daftari la zamani, ukurasa mpya huja kila baada ya sekunde kumi na mbili. Waandishi wa mikataba huko walikuwa na mazoea ya kutouliza saa. Walihesabu kurasa. Kurasa tano ni dakika moja, kwa hiyo anayetaka wiki anaandika kurasa elfu hamsini na mia nne, na anaendelea na maisha yake. Lakini Conestogo ina kasi, na ukurasa wake huja kila sekunde mbili. Kurasa zile zile elfu hamsini na mia nne huisha kwa saa ishirini na nane. Mkataba haujaguswa, hesabu haijakosewa, na wiki imeisha kesho yake. Majaribio hayakuliona kosa kwa sababu jaribio haliwezi kungoja wiki nzima; lenyewe hufunua kurasa harakaharaka, likazihesabu, likaridhika, likawasha kijani.

Jumapili baada ya ibada alimpigia Garth simu, naye alikuwa kwenye mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu. Twila alikuwa anakausha vyombo, kwa hiyo aliiweka simu mezani kwa sauti ya nje, nami nikasikia yote kwa masikio yangu, jambo lililokuja kunifariji baadaye. Garth alisikiliza, kisha akasema hakuna mtu mwenye akili anayehesabu siku kwa kurasa siku hizi, ule ulikuwa utoto wa zamani, na yeye hawezi kulichafua bango lake kwa ajili ya hadithi ya pai. Alete mkataba mmoja. Mkataba wa kweli, unaotumiwa na watu, uhamishwe bila kuguswa, uharibike mbele ya macho yake. La sivyo, Jumatano jioni asaini.

"Basi tuhamishe friji," Twila akasema.

Hapa inabidi niieleze friji. Miaka minane iliyopita kampuni ilikuwa watu wanne ndani ya gereji, na mmoja wao alikula soseji za Garth. Mtu mwingine angeandika jina kwenye mfuko. Garth alifunga kufuli za umeme kwenye droo zote za friji, akaandika mkataba, akauweka kwenye daftari la zamani. Unafunga droo kwa simu yako, na kwa siku saba hakuna wa kuifungua ila wewe. Siku saba zikiisha, chakula kinahesabiwa kimesahauliwa, na yeyote anaweza kufungua akala. Leo kampuni ina watu arobaini na friji ni ile ile. Mfanyakazi mpya huonyeshwa friji kabla ya kuonyeshwa choo.

Garth alicheka hadi nikasikia wenzake wa barafuni wakiuliza kuna nini. Akasema wazo ni zuri mno, wageni wa Alhamisi wataipenda friji iliyohamia Conestogo. Twila akamwuliza mkataba ule aliusoma lini mara ya mwisho. Akajibu, mtu husoma barua aliyoiandika mwenyewe?

"Na sikia," akaongeza. "Mama yako yupo hapo? Mama Frey, una pai?"

Nikasema ninazo tisa.

"Niletee sita kesho asubuhi, ni za wageni wangu. Nitazifungia humo ndani, ziwe dhamana yangu. Mkataba ukikosea, zileni."

Pai ya matufaha makavu hukaa wiki nzima bila kununa, kwa hiyo nilikubali. Twila alikuwa anakausha sahani ambayo ilikwisha kukauka.

Usiku ule Twila aliuhamishia Conestogo mkataba wa friji kama ulivyo, na Jumatatu nilifika Waterloo kabla ya saa mbili asubuhi, theluji imefika magotini kando ya barabara. Garth alizipokea mwenyewe, akazipanga katika droo mbili za chini, akafunga kwa simu yake saa mbili kamili. Ana masikio ya mama yake, makubwa na mekundu upesi, na asubuhi hiyo yalikuwa yameng'aa kwa furaha. Akanitania kwamba sasa hata mimi niliyezioka siwezi kuzigusa. Nikamwambia sina haja, ninayo karatasi.

Kwenye ukumbi Twila akaninong'oneza nije kesho saa sita mchana kuchukua sahani zangu za bati. Nikamwambia sahani zitakuwa tupu Alhamisi. Akarudia, kesho saa sita, na nije na krimu.

Mimi si mwepesi wa hesabu, lakini nimezaa na nimelea. Nilipofika kwenye taa za barabarani za kwanza nilikuwa nimekwisha kuhesabu kwa vidole saa ishirini na nane tangu saa mbili asubuhi, nikaangukia kesho saa sita mchana. Jioni wakati wa chakula nilimwuliza waziwazi kama tunakwenda kuiba. Akasema mkataba ndio utakaoamua. Nikamwambia hata nyoka wa bustanini angeweza kujibu hivyo. Akasema Garth mwenyewe alisema zileni, na mimi ndiye shahidi. Nilifikiri sana juu ya hilo. Kisha nikapiga krimu, vikombe sita, nikaongeza na sukari kidogo, maana kama ni dhambi, haikuwa na haja ya kuwa chungu.

Jumanne saa sita kasoro dakika tano nilikuta watu kumi na tano jikoni kwao, kila mmoja na uma mkononi, wakijifanya wanazungumzia mchezo wa magongo. Garth alikuwa kwenye chumba cha kioo, anaongea kwa simu, mgongo kwetu. Ilinca, msichana wa Kiromania anayekaa meza moja na Twila, alikuwa amepanga leso za karatasi kwa umbo la feni. Yeye ndiye aliyekula zile soseji miaka minane iliyopita, na kwa heshima hiyo walimwachia afungue.

Sikutegemea kingetokea kitu. Nasema kweli, nilisimama na bakuli langu nikiomba kisitokee. Lakini saa ya ukutani ilipogonga sita droo ya chini ilisema *tik*, halafu ya pili yake ikasema *tik*, na watu kumi na tano wakasogea mbele kwa pamoja. Ilinca akagusa simu yake. Droo ikatoka taratibu, na pai zangu zikawa zinatutazama.

Kwa dakika kumi hakuna aliyesema jambo la maana. Nilikuwa nagawa krimu. Twila hakula, alisimama kando ya mlango ameikunja mikono, macho kwenye chumba cha kioo. Niliujua uso ule. Ndio uso wa mizani ya muuza nyama, na nilikuwa sijauona kwa miaka mitatu.

Garth alitoka, akanusa mdalasini, akasimama. Aliangalia droo, akaangalia uma, akaniangalia mimi na bakuli.

"Nani amevunja friji yangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyevunja, bosi," Ilinca akamjibu, mdomo umejaa. "Imetukaribisha."

Garth akasema haiwezekani, siku saba ni Jumatatu ijayo, kuna mtu ameuchezea mkataba, na atamwonyesha huyo mtu sasa hivi, maana daftari halifichi. Akaufungua kwenye skrini kubwa ya ukutani. Kushoto mkataba wa zamani, kulia ule uliohamishwa. Akauteremka mstari kwa mstari, kidole hewani. Ulikuwa ule ule. Nukta ilikuwa ile ile. Akafika kwenye hesabu, elfu hamsini na mia nne, na kando yake palikuwa na maneno ambayo waandishi wa programu hujiandikia wenyewe kwa ukumbusho. Twila aliyasoma kwa sauti ili na sisi wa nyuma tusikie.

"'Hii ni wiki moja, daima. G. Koebel.'"

Watu hawakucheka mara moja. Walimwachia kwanza nafasi ya kuhesabu, na tulimwona akihesabu, midomo ikicheza. Masikio yalianza kuiva kutoka juu kushuka chini. Alipofika saa ishirini na nane aliigeukia saa ya ukutani, kisha bango lake la buluu, kisha friji, na hapo ndipo jikoni palipolipuka kwa kicheko.

"Herufi hata moja haijabadilika, Garth," Twila akasema. "Nilihakikisha."

Mtu mmoja akasema dhamana imeliwa kwa mujibu wa sheria. Mwingine akauliza kama bosi anataka kukata rufaa. Garth aliniangalia tena, na kwa sauti ya yule mtoto aliyekuwa akija na mama yake kununua mayai akauliza, "Mama Frey, na wewe ulijua?"

"Nilileta krimu," nikasema. Sikuona namna nyingine ya kuungama. Kisha nikamwonyesha kipande nilichokuwa nimekificha chini ya leso kwa ajili yake, kikubwa kuliko vyote, maana siwezi kumtazama mtoto wa mtu akikosa.

Alikichukua. Halafu akamwita Twila kwenye chumba cha kioo, akafunga mlango.

Hapo utani uliniishia. Nilisafisha sahani za bati moja baada ya nyingine, nikisimama mahali pa kuona masikio ya Garth, kwa kuwa sauti haikupita. Yalikuwa mekundu muda mrefu. Twila hakukaa chini. Garth alitembea, akala pai, akatembea. Ilinca alikuja kunisaidia kukausha, akaniambia nisihofu, bosi akila wakati wa kugomba ni dalili njema, mwaka ule wa soseji hakula kitu siku mbili.

Baada ya dakika ishirini Garth alitoka na kalamu nene nyeusi, akapanda juu ya kiti, akaandika chini ya bango lake: ISIPOKUWA SAA.

Nilidhani yamekwisha. Sikumfahamu vizuri binti yangu. Twila aliutazama ukuta akasema ukuta hausomwi na mtu wa Halifax wala wa Monterrey. Kinachosomwa ni mwongozo, na onyo linatakiwa liwe mstari wa kwanza wa mwongozo: amri ni zile zile, vifaa ni vile vile, lakini kama mkataba wako unahesabu siku kwa kurasa, hapa kurasa zinakuja upesi mara sita, urekebishe uulize saa, au usiulete. Garth alikubali kila neno, ila alilitaka mwishoni, kwa herufi ndogo, kusudi lisiwatie watu baridi. Wakaachana hivyo. Twila alisema jina lake haliingii chini ya onyo lililofichwa, na Garth akamkumbusha kwamba lipo benchi.

Jumatano asubuhi Twila aliwatumia rasimu ya mwongozo waandishi wa programu waliokuwa wakisubiri ufunguzi, onyo likiwa juu. Bila kumwuliza mtu. Nilipolisikia hilo wakati wa mchana nilikwenda kukung'uta zulia ambalo lilikuwa safi.

Saa kumi na moja jioni alikuwa mezani kwangu na kompyuta, mimi natengeneza pai sita nyingine kwa ajili ya wageni, maana Garth alikuwa bado anahitaji pai na hakuna mwingine wa kumwomba. Barua ikaingia kutoka Halifax. Mzee mmoja, baharia mstaafu, aliwahi kumwandikia mjukuu wake mkataba: urithi wake ubaki umefungwa miaka kumi na miwili, hadi msichana awe mtu mzima. Aliuandika kwa kurasa. Alikuwa amejiandaa kuuhamishia Conestogo kesho saa sita, kama ulivyo, kwa sababu aliambiwa hakuna haja ya kugusa herufi. Alikuwa anauliza tu kama ameelewa sawasawa kwamba ungefunguka baada ya miaka miwili, msichana akiwa na miaka minane.

Twila alimpigia Garth akamsomea barua yote, hakuongeza neno lake. Upande wa pili nilisikia, kwa mbali, mlio wa droo ya friji ikifungwa.

"Liweke juu," Garth akasema. "Na Twila, saini. Mama yako anaoka?"

"Anaoka."

"Mwambie hizi nitazifunga kwa kamba."

Nilikuwa nimekwisha kuziingiza ovenini, kwa hiyo nikaanza kuimba, huku Twila akiusoma mwongozo kwa mara ya mwisho. Aliusoma wote, kuanzia juu. Kisha akaurudia kuanzia chini kwenda juu. Halafu akaandika jina lake, akaliangalia kidogo, akabonyeza. Nikaendelea kuimba nikijifanya sikuona. Nilikuwa naona vibaya kidogo hata hivyo, kwa sababu ya mvuke.

Nilipomaliza mara ya tatu nikavaa glovu nitoe pai. Twila alikuwa ameinua mkono wenye saa.

"Ngoja, Mama. Wimbo wa kwanza umechukua dakika kumi na sita. Wa pili kumi na tatu."

"Na wa tatu?"

"Kumi. Ukiwa na wasiwasi unaharakisha."

Nilitaka kubisha, lakini nilimtazama jinsi alivyokaa, ameegemea meza, kalamu sikioni, na trei ya mayai amekwisha kuivuta mbele yake bila kujijua.

"Haya ni kumi na moja," akasema.

Nikafunga mlango wa oveni, nikaanza tena kutoka aya ya kwanza, taratibu, kwa mwendo wa shangazi Salome.